Kwa nini hukuondoka, somo?

Karafuu tunazichambua usiku. Mchana una kazi zake za kuchuma na kuanika, na wachumaji wakisharudi, wakapimiwa pishi zao na kupewa chao, ndipo watu wa nyumbani tunapokaa kitako juu ya jamvi, rundo la karafuu mbichi katikati, kila mtu anavuta vishada vyake na kutenganisha karafuu na makonyo. Vidole vinanata utomvu na harufu haitoki wiki nzima. Kazi hii haitaki akili, inataka mazungumzo. Nusu ya mambo ya ukoo wetu nimeyajulia hapo, Pemba upande wa Wete, kwenye jamvi.

Usiku ninaouandikia tulikuwa watano: mama mdogo, wake wawili wa wajomba, mie, na somo yangu. Tunaitana somo kwa sababu sote wawili tumepewa jina la bibi mmoja, mzaa mama zetu. Yeye alikuwa amerudi kutoka bara, alikokaa miaka saba akiuza kwenye duka la watu. Simu yake ikaita. Akaitazama, akaizima sauti na kuipindua uso chini. Mama mdogo, ambaye miwani anavaa akitaka kuona ya watu, alishawahi kusoma kioo.

"Fundi Cherehani," akasema. "Huyo fundi wako hajamaliza tu hiyo nguo?"

"Bado upindo, mama."

Wakubwa walipokwenda kulala tukabaki wawili na rundo ambalo halipungui. Akaniambia bila kuinua macho: "Somo, mie nimechomwa sindano miaka miwili. Utafiti wa chanjo ya UKIMWI. Na mwisho wake nimeambiwa kumbe mie nilikuwa nachomwa maji ya chumvi."

Akaanza kucheka. Kicheko chenyewe kile cha kuziba mdomo kwa mtandio, watu wasiamke.

Nimemwomba ruhusa ya kuyaandika haya na amenipa kwa masharti: mji usitajwe, utafiti usitajwe, mwaka usitajwe. Fundi naye nimembadilisha ufundi. Yanayobaki ni yake.

Swali langu la mwanzo lilikuwa lile ambalo kila mtu angeuliza. Ulijiunga kwa nini?

"Nauli," akasema, hata hajavuta pumzi.

Jibu hilo nalijua. Mwaka niliomaliza skuli nilipata kazi ya muda kwenye mradi mmoja wa minyoo hapa Pemba. Kazi yangu ilikuwa kugawa vikopo asubuhi, na kesho yake kupita nyumba kwa nyumba kuvikusanya vikiwa na choo. Ndiyo, choo cha watu, na kila kikopo na namba yake. Siye wa kisiwa hiki tumezoea utafiti kuliko watu wanavyodhani. Pale Wawi, ambapo makonyo yetu haya yanakamuliwa mafuta, ndipo ilipo maabara ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000, na dawa kadhaa za minyoo ambazo dunia inazijadili zimepimwa kwenye matumbo ya Wapemba. Utafiti mmoja mkubwa ulikuwa wa watoto wadogo, zaidi ya 24,000, baadhi yao wakipewa virutubisho vya chuma na asidi ya foliki na wengine wasipewe. Mwaka 2003 upande wa chuma ukasimamishwa, kwa sababu waliopewa chuma ndio waliokuwa wakilazwa na kufariki zaidi. Ilikuja kufahamika kwamba penye malaria nyingi, kumpa kila mtoto chuma bila ya kumpima kunaweza kumdhuru, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Sijawahi kusikia mtu akitoa hotuba ya kuwashukuru wale mama wa Pemba waliofungua midomo ya watoto wao wakatiwa dawa ile. Nimetoka nje ya mada, lakini jambo hili linanikera tangu nilipolijua.

Basi katika kukusanya vikopo nilijifunza kwamba ukimuuliza mtu kwa nini amekubali, atakupa sababu iliyo rahisi kusemwa mbele za watu. Nauli. Sabuni. Dawa ya bure. Wanaowalaumu washiriki nao wanasema hivyo hivyo, "wanafuata posho", na wote wawili wanakuwa wamekubaliana bila ya kujuana. Msichana anayefuata shilingi anaeleweka. Msichana anayetaka mtu amuulize habari za mwili wake na asimhukumu, huyo utamwelezaje barazani?

Nikamwambia somo afanye hesabu. Akaifanya kwa vidole vyake vyenye utomvu. Siku ya kliniki mwenye duka alikuwa anamkata posho ya siku. Nauli aliyopewa ilitosha daladala mbili za kwenda, mbili za kurudi, na sahani ya wali maharage. Wakati mwingine kliniki inachukua mpaka alasiri, maana kuna kupimwa mkojo wa mimba, presha, damu, ushauri, kusubiri, maswali, kusubiri tena. "Nilikuwa napata hasara," akasema, na yeye mwenyewe akaonekana kushangaa, kama vile hajawahi kuijumlisha.

Basi kwa nini?

Akanyamaza, akachambua. Halafu akaniuliza: "Unakikumbuka kikombe cha mama mkubwa?"

Mama mkubwa alikuwa dada wa kwanza wa mama zetu. Alirudi kutoka Unguja akiwa mgonjwa, miaka ya tisini inaelekea ukingoni, sisi tukiwa watoto wa chuo cha Kurani. Zanzibar wagonjwa watatu wa mwanzo walitambuliwa mwaka 1986, kwa hiyo jina la maradhi lilikuwa linajulikana zamani, ila nyumbani kwetu halikutamkwa hata siku moja. Ilisemwa homa, ilisemwa kifua, ilisemwa kuna mtu wa Unguja kamtupia jicho. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijatufikia. Kilichosema kweli kilikuwa kikombe. Kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa buluu. Kilikaa peke yake dirishani. Akinywea, kinasuuzwa kwa maji ya kopo na kurudishwa pale pale, hakikutani na vyombo vingine kwenye beseni. Hakuna aliyetukataza kukigusa. Watoto tulijua tu.

"Kilikuwa na kovu hapa," somo akasema, akaonyesha kwa kidole, kwenye hewa, mahali mkono wa kikombe unapoungana na tumbo lake, rangi ilipobanduka ikaonekana bati jeusi. Mie pale pale nikakiona. Tulikuwa na umri mmoja na tulikitazama kwa miaka ile ile, na hatukuwahi kukizungumza.

Alipomuona yule dada wa utafiti amesimama sokoni na vipeperushi, akasikia neno chanjo na neno UKIMWI kwenye sentensi moja, alikumbuka kikombe. Hakukumbuka ubinadamu wala sayansi, wala kusaidia kizazi kijacho, ingawa hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye fomu na ndiyo aliyotia saini.

Watu wameniuliza kwa nini msichana wa Pemba aende akajiunge bara, kwani huku hakuna tafiti? Zipo, lakini utafiti mkubwa wa kinga ya VVU haufanyiki mahali ambapo maambukizi ni machache, na Zanzibar kiwango kwa watu wazima kiko chini ya asilimia 1. Ili ujue kinga inakinga, lazima katika kundi ambalo halikupewa kinga hiyo watu waambukizwe. Nafahamu namna linavyosikika. Ukichukua wanawake elfu moja na mmoja tu ndiye angeambukizwa kwa mwaka, utasubiri mpaka ndevu za mtafiti ziote mvi ndipo uone tofauti. Ndiyo maana watafiti hufuata miji ya bara, bandari, mabaa, barabara za malori. Mwanza, kwa mfano, utafiti wa PRO 2000, jeli ya kutia ukeni ili kujikinga na VVU, uliandikisha wanawake wa mabaa, nyumba za wageni na mama lishe, ukiwa ni sehemu ya mradi wa wanawake zaidi ya 9,000 katika nchi nne. Desemba 2009 ikatangazwa kwamba jeli haikukinga chochote. Wanawake wale waliitumia kwa uaminifu, na jibu lilikuwa hapana.

Majibu ya hapana ndiyo mengi katika habari hii. Chanjo iliyopimwa Afrika Kusini kwa watu 5,407 ilisimamishwa mwanzoni mwa 2020. Nyingine, Imbokodo, iliyokuwa na wanawake wapatao 2,600 wa kusini mwa Afrika, ikaishia 2021. Desemba 2023 ikatangazwa kwamba chanjo za PrEPVacc, zilizokuwa zinapimwa Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, zimesitishwa kwa kuwa hakukuwa na dalili za kufanya kazi. Mpaka leo chanjo ya VVU haipo.

Siku ya kwanza walimchukua damu vichupa vingi akapata kizunguzungu cha macho, si cha mwili. Rafiki yake wa dukani akamwambia: wee, hao ni mumiani. Kila mtoto wa pwani amelala usingizi wa hofu kwa ajili ya mumiani, yule anayekamata watu usiku na kuwakamua damu ya kufanyia dawa. Watafiti hulipita neno hili kama porojo, na mie naliona ni swali halali kabisa lililovaa kanzu kuukuu: damu yangu inakwenda wapi, na nani anafaidika nayo? Somo aliuliza swali hilo, kwa maneno hayo hayo ya mumiani. Nesi hakumcheka. Akachukua kijiko cha chakula, akamhesabia: kiasi chote cha leo ni vijiko kadhaa hivi, hiki kitapimwa mimba na ini, hiki kitagandishwa, hiki kitasafirishwa nje ya nchi ikiwa tu utatia tiki hapa, na usipotia tiki hakitoki.

"Nilitia tiki," somo akasema. "Kwa sababu alinionyesha pa kutotia."

Nilimwomba anieleze habari ya maji ya chumvi, maana nilitaka kujua kama alielewa tangu mwanzo. Alielewa. Kabla ya kutia saini walimpa maswali kama ya mtihani wa dini, na ukikosa unafundishwa upya. Je, unajua kwamba huenda usipewe chanjo? Ndiyo. Nani anachagua? Kura, anapiga kompyuta, wala nesi hajui. Ukitaka kuondoka? Naondoka siku yoyote, sidaiwi sababu. Hili la mwisho lilimkaa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na maishani mwake, aliniambia, hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba anaweza kuondoka bila ya kutoa sababu. Si skuli, si dukani, si kwa yule bwana aliyekuwa naye.

Hapa nikamuuliza la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito. Kujiunga ni siku moja. Kwa nini hukuondoka?

Sababu moja si nzuri na hawaiweki kwenye vipeperushi vya rangi. Chanjo za majaribio zinaweza kuufanya mwili utengeneze kinga zile ambazo kipimo cha haraka cha VVU kinazitafuta. Kipimo kinasoma una virusi, na wewe huna. Washiriki wanaambiwa mapema: ukitaka kupima, njoo kwetu, tuna kipimo kinachotofautisha. Sasa chukua jambo hilo ulilete kwetu, ambako siku hizi familia nyingi zinataka bwana na bibi harusi wapime kabla ya ndoa. Akiwa katikati ya sindano, posa ikaja. Watu wema, kutoka Chake. Upande wa mume ukataka vipimo. Somo usiku ule hakulala, akijiona ameshika karatasi yenye alama ya kujumlisha mbele ya wazee wawili wenye kofia. Hakujua kama yeye ni wa chanjo au wa maji. Angeondoka kwenye utafiti angekwenda na wasiwasi huo peke yake, kwenye begi lake.

Kwa hiyo alibaki, na sehemu ya kubaki kwake ilikuwa kufungwa. Sitaki nilipambe hilo. Posa haikuendelea, kwa sababu nyingine kabisa zinazohusu kiwanja.

Sababu nyingine alinipa kwa kuzunguka, akianzia kwa nesi. Mwanamke mtu mzima kidogo, Mnyakyusa, mwenye mwanya, aliyekuwa akijifunza kusema "shoga" kwa maana yetu. Kila somo akifika, nesi anauliza: yule mwenye nyumba ameacha? Kwa sababu mara moja, katika yale maswali yao ya fomu, somo alikuwa ametaja kwamba mwenye nyumba anambishia mlango usiku. Fomu ilitaka ndiyo au hapana. Nesi akakumbuka mlango.

Kwetu mtoto wa kike akivunja ungo anapewa somo. Ndiyo, neno ni hilo hilo. Mwanamke asiye mama yake, anayemweka ndani na kumwambia mambo ya damu, ya usafi, ya mume, na baadaye ndiye anayekimbiliwa ndoa ikiwaka moto. Hukumwendea mama, ungemvunjia heshima naye angekuvunjia siri. Ulimwendea somo wako. Kizazi chetu wengi hatukuwekwa ndani. Mama walisema ni mambo ya kishamba, na hawakutupa kitu cha kuweka mahali pake. Tumekwenda bara, tumekwenda Unguja mjini, tumekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na hatuna mtu wa kumwambia kwamba kunawasha.

Ninaposoma ripoti zinazoeleza kwa nini wanawake vijana wanabaki kwenye tafiti, naona zimeandika huduma bora za afya, na uhusiano mzuri na wahudumu. Kweli. Lakini mie nasoma neno stara. Mahali penye mlango unaofungwa, mtu anayekujua jina, na maneno yako hayakutangulii nyumbani.

Ukilitazama hivyo, utaelewa kisa cha VOICE. Utafiti ule ulianza 2009, wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wengine wakipewa kidonge cha kila siku cha kujikinga, wengine jeli. Katika kila mia, zaidi ya tisini walibaki mpaka mwisho na kuhudhuria kliniki. Wakiulizwa kama wanatumia dawa, wanasema ndiyo. Kwa majibu yao na vidonge walivyorudisha ilionekana matumizi ni asilimia 90 hivi. Damu ilipopimwa, dawa ikaonekana kwa chini ya thuluthi yao. Matokeo yakasomwa Machi 2013 na ukumbi, nadhani, ukanyamaza kama msiba. Hakuna dawa iliyoonekana kukinga, kwa sababu haikunywewa. Katika kila wanawake mia, karibu sita waliambukizwa kwa mwaka, na waliokuwa hawajaolewa na wenye umri chini ya miaka 25 ndio walioambukizwa zaidi na ndio waliotumia kidogo zaidi. Kabla yao FEM-PrEP, utafiti mwingine wa vidonge uliogusa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, ulisimamishwa 2011 kwa hadithi inayofanana.

Watu walisema wanawake wale wamedanganya. Wengine walisema kwa upole, wengine si kwa upole. Baadaye baadhi ya wale wanawake waliitwa tena wakaonyeshwa majibu ya damu zao wenyewe, na hapo ndipo wakafunguka: kopo la vidonge linalia mkobani, vinafanana na vya wagonjwa, mwanamume akiviona atasema unavyo virusi, mwenzangu wa kwenye benchi aliniambia vinaharibu tumbo.

Mie nasema walikuja kwa ajili ya kliniki. Kidonge ndicho kilichokuwa nauli waliyolipa wao. Walikipokea, wakakitia mkobani, wakasema ndiyo, ili mlango ule uendelee kufunguliwa. Kidonge kinatembea nawe, kinalala nyumbani kwako, kinaonekana. Kliniki unaiacha kliniki. Mtu aliyebuni dawa alifikiria virusi. Msichana alifikiria dada wa mumewe anayepekua mikoba.

Hilo nalisema nikiwa na aibu yangu mfukoni. Wakati ule wa vikopo kulikuwa na binti mmoja hakurudisha chake. Nilikuwa na namba ya simu, nikapiga, ikapokelewa na mwanamume. Nikajitambulisha kwa ufasaha wote niliofundishwa, jina, mradi, nikasema namtafuta fulani kuhusu vipimo vyake. Ilikuwa minyoo tu! Lakini "vipimo vyake" ilitosha. Mwanamume yule alikuwa ami yake, na kufika jioni sheha mwenyewe alishasikia kwamba binti wa fulani ana vipimo hospitali. Nilikwenda kuomba radhi. Binti alinisikiliza amesimama mlangoni, mkono juu ya fremu, hakunikaribisha ndani, na katika Pemba kutokaribishwa ndani si jambo dogo. Kikopo chake hakikurudi kamwe. Kwenye daftari nikaandika "amejitoa".

Nilipomsimulia somo hayo ndipo alipoipindua simu yake na kunionyesha. Siku ya kwanza, baada ya kuchora ramani ya nyumba anayoishi na kuandika namba za kutafutwa, nesi alimuuliza: nikikupigia na akapokea mtu mwingine, mie ni nani? Swali hilo, mbele ya maswali yote. Wakakubaliana wawe fundi na mteja. Nesi akajifunza mpaka maneno: nguo yako iko tayari Jumanne maana yake njoo Jumanne. Inabidi nikupime upya maana yake kuna jibu la kuzungumza. Miaka miwili mwenye duka aliamini somo ni mwanamke anayependa kushona.

Nilipenda kujua kama sindano yenyewe ilikuwa sehemu ya sababu. Akasema ndiyo, haraka. Sindano haina kopo. Unachomwa, unashusha mkono wa baibui, unapanda daladala, hakuna wa kukupekua.

Na hapo ndipo naona utafiti wa PURPOSE 1 unavyosema jambo lile lile kwa tarakimu. Wasichana na wanawake 5,338 wa Afrika Kusini na Uganda, umri wa miaka 16 hadi 25. Baadhi walipewa sindano ya lenacapavir, dawa ya kukinga VVU ambayo si chanjo, mara mbili kwa mwaka, wengine vidonge vya kila siku vya aina mbili. Juni 2024 yakatoka majibu: katika wanawake 2,134 wa sindano hakuambukizwa hata mmoja. Kwa vidonge waliambukizwa 39 kati ya 2,136 katika kundi moja, na 16 kati ya 1,068 katika jingine, na vidonge, kama zamani, wengi hawakuwa wakivimeza. Si kwamba wasichana wa 2024 walikuwa waaminifu kuliko wa 2009. Safari hii kulikuwa na kitu kisichohitaji kufichwa. Na kilichofikisha sindano hiyo hapo ni miaka ya wanawake waliotumia jeli isiyokinga, pete zenye dawa zinazovaliwa ukeni, walizoogopa zisije zikaguswa na waume, vidonge walivyotia chooni, na maji ya chumvi ya somo yangu.

Nikamuuliza kama aliumia kujua ni maji.

"Nilicheka. Halafu nikasikitika kidogo. Halafu nikamwambia nesi, basi sasa sitakuja tena. Akasema, la, hutokuja tena. Hicho ndicho kilichoniuma."

Tafiti zina mwisho wake, na kwa ajili ya hayo kuna fomu pia. Lakini nyingine hukatwa. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tafiti kadhaa zilisimama zikiwa katikati, na Afrika Kusini kulikuwa na wanawake ambao amri iliwakuta pete za majaribio zimo miilini mwao. Miaka na miaka tumeandika makala za kitaalamu tukiuliza vipi tuwafanye wanawake vijana wasiondoke. Tumewapangia nauli, vinywaji, ujumbe wa simu wa kuwakumbusha. Waliokaa walikaa. Walioondoka ghafla, safari hii, walikuwa wenye fomu.

Saa sita ilishapita, jogoo wa jirani asiyejua saa akawika. Mama mdogo akatoka ndani kwenda msalani na taa ya mkononi, akatukuta bado tumekaa, rundo limebaki kama kichuguu. Simu ya somo ikawaka tena juu ya jamvi. Alikuwa nesi, aliyekuwa zamu ya usiku kwenye hospitali nyingine huko bara na ambaye hupiga saa kama hizo kusalimia tu, kujua kama mtu wake amefika salama, kama bahari ilikuwa shwari. Somo akainuka, akakung'uta makonyo kwenye kanga, akaelekea upande wa jiko la nje huku akiiweka sikioni.

"Fundi saa hizi?" mama mdogo akaniuliza.

Nikamwambia fundi ana kazi nyingi, msimu huu.

Akafikiri, taa ikimulika miguu yake. "Mwambie somo yako amuulize na bei ya gauni la Idi. Mie sitaki mapambo, nataka livae mwili."